Mswaki wa Fundi Shija

Nilipoacha kazi ya matimba, vijana wa duara letu la mwisho pale Mwakitolyo walininunulia jogoo na kofia, kisha wakaniomba niwaandikie niliyoyajua. Jogoo nilimla. Kofia ninayo. Maandishi yamechelewa kwa sababu shule yangu iliishia darasa la tano, na kwa sababu mtu aliyezoea kuhamahama hawezi kukaa kitini muda mrefu bila kutoka nje kuangalia kuna nini. Lakini hivi karibuni nilirudi Kahama, mji niliowahi kukaa, nikarudi kama msafiri mwenye begi, na huko nikaona jambo la kazi yetu ambalo sikuwahi kuliona katika duara lolote. Basi nianze kabla sijaondoka tena.

Nyinyi kazi mnaijua, lakini karatasi hii inaweza kufika kwa mtu asiyeijua. Mchimbaji mdogo akichimba kwenda chini kufuata mwamba wenye dhahabu, shimo lile tunaliita duara, ingawa mara nyingi lina pembe nne. Udongo wa juu ni mlegevu, hubomoka. Hapo ndipo anapoitwa fundi. Anakata magogo membamba, anayachonga midomo kwenye ncha ili yaumane, anayapanga kuta nne kuanzia juu mpaka unapoanza mwamba mgumu. Hayo ndiyo matimba. Dhahabu ikipatikana, anasifiwa mchimbaji, au mganga wake. Sijamsikia mtu akiusifu mti.

Nilifika Kahama kijana, nimepanda juu ya lori lililokuwa limetoka kupeleka pamba. Nyumbani kwetu Mhunze nilikuwa nimeshachunga ng'ombe, nimefyatua tofali na nimeuza maandazi, na kila kazi niliiacha siku nilipoona nimeielewa. Stendi ya malori nikamkuta mtu mfupi, mpana, amevaa mabuti ya mpira katikati ya kiangazi, anagonga magogo kwa kifundo cha kidole kisha anayanusa.

"Kwa nini unanusa miti?" nikamuuliza.

"Kwa nini unauliza?"

"Nataka kujua."

"Anayetaka kujua hubeba," akasema, akanitwisha gogo begani.

Huyo ndiye Fundi Shija. Hakuniuliza jina mpaka siku ya tatu, na alipolijua hakulitumia. Aliniita Ng'wana Mhunze, mtoto wa Mhunze, na ndivyo anavyoniita mpaka leo. Yale mabuti hakuyavua hata siku ya harusi ya shemeji yake. Shimoni hakuogopa kitu isipokuwa chura. Nimewahi kumwona akipanda ngazi nzima ya duara bila kuvuta pumzi kwa sababu ya chura mmoja aliyekuwa amekaa kimya kwenye dimbwi, hana habari naye.

Vifaa vyake vilikuwa shoka, tezo, msumeno wa mkono na timazi. Timazi yenyewe ilikuwa nati kubwa ya tairi la lori iliyofungwa kwenye kamba ya katani. Na alikuwa na kijiti. Kijiti hicho ndicho nataka mkisikilize vizuri.

Kilikuwa cha mti mgumu, urefu wa shibiri moja, kimelainika kwa meno. Kila asubuhi kabla mtu hajashuka, Shija alitangulia peke yake. Akifika kati alikiuma ncha moja, ncha nyingine akaigandamiza kwenye timba, akaziba masikio kwa vidole na kufumba macho. Alisikia kwa meno. Kitu ambacho sikio halikipati, gogo linakipitisha kwenye kijiti, kijiti kinakifikisha kwenye taya, na taya linakuambia kama udongo wa nyuma umetulia au unasukuma. Jaribuni wenyewe msije mkasema mzee anawatania. Wachimbaji walisimama mdomoni mwa shimo wakimzomea.

"Fundi, mswaki huo! Umesahau dawa ya meno!"

"Mwacheni, leo anakwenda kuposa."

Ikawa jina la kile kijiti. Hata yeye mwenyewe aliposahau kukichukua alisema, "Nileteeni mswaki."

Somo lake la pili lilihusu aina ya mti. Mimi kama kila mgeni nilidhani mti mgumu ndio mzuri. Alinikatalia. "Mti mgumu unakuficha," alisema. "Unabeba, unabeba, siku moja unakuacha bila kuaga. Chukua mti unaolalamika. Ukilalamika, unakupa muda wa kupanda ngazi."

"Kama mke," akadakia mvuta winchi.

"Mke wangu halalamiki kabisa," Shija akajibu. "Ndiyo maana namwogopa."

Nitawapa kisa kimoja tu, maana visa vya machimboni mnavyo vingi. Masika moja, hapo hapo Mwakitolyo, tulikuwa kwenye duara ambalo ndiyo kwanza limeanza kutoa mawe mazuri. Mwenye duara, bwana mmoja mwenye koti la ngozi na haraka nyingi, alikuwa amesimama juu na wachimbaji wake. Shija akashuka na mswaki, akakaa huko chini muda mrefu kuliko kawaida. Akapanda. Akachukua ubao, akaufunika mdomo wa shimo, akakaa juu yake.

"Fundi, toka hapo. Watu waingie kazini."

"Mti unasema."

"Unasema nini? Mbona mimi sisikii?"

"Wewe unasikiliza dhahabu."

Walimtukana mpaka jua likawa kali. Alikaa hapo siku nzima, na kila siku iliyofuata, akala viazi vitamu juu ya ule ubao. Duara halikuanguka siku ile. Halikuanguka siku ya pili wala wiki ya pili, na kote kwenye machimbo wakawa wanamcheka, kwamba Fundi Shija ametishwa na mswaki. Nami nilikuwa kijana, niliona aibu, nikamwambia watu wanacheka.

"Waache wacheke," akasema. "Kucheka ni kazi ya walio hai."

Duara lilikaa chini lenyewe siku moja ya mvua, mchana, bila mtu ndani. Lilimeza ngazi, winchi na koti la ngozi lililokuwa limetundikwa juu yake. Baada ya hapo hakuna aliyecheka, lakini pia hakuna aliyemshukuru, na nadhani hata yeye hakungoja shukrani.

Kuna desturi yake nyingine mnayoifuata bila kujua ilikotoka. Duara likifungwa, Shija alichagua timba moja lililo zima, akalitoa kwa mkono wake na kwenda nalo kwenye duara jipya. Huko liliwekwa la kwanza. Aliliita mbegu. Wachimbaji walisema ni dawa. Mimi nilimdodosa sana, na jibu pekee nililopata ni kwamba mahali pageni ni vizuri kuanza na mtu mmoja unayemfahamu.

Sasa Kahama. Shija alikuwa na kiwanja huko, na kwenye kiwanja akajenga nyumba ya tofali za udongo. Nguzo, boriti na miimo ya milango yote ilikuwa matimba ya maduara yaliyofungwa. Ukiingia sebuleni ungeonyeshwa: hili la Mwakitolyo, hili la upande wa Geita, hili lilitushinda kulitoa mpaka tukaomba ng'ombe. Chumba cha mwisho, cha uani, nilipanga mimi. Tulikwenda machimboni wiki, tukarudi mjini siku mbili tatu, na mama wa nyumba, marehemu Mama Kulwa, alinihesabu pamoja na watoto wakati wa kupakua. Kulwa mwenyewe alikuwa binti mdogo anayeuliza maswali kuliko mimi. Niliishi hapo miaka mingi kuliko nilivyoishi mahali popote. Kisha nikasikia kuna rashi upande wa Geita, dhahabu mpya imeonekana, watu wanamiminika, nikataka kuona. Nikaaga kwa wiki moja. Wiki hiyo iliendelea mpaka ndevu zikaota mvi.

Sitawachosha na ya Geita na kwingine. Kazi ni ile ile, mti ni ule ule, wenye maduara ni wale wale wakiwa na makoti tofauti. Nilichonga mswaki wangu na kutoa mbegu zangu. Magoti yalipoanza kulalamika, nilikumbuka fundisho, nikapanda ngazi nikiwa bado na muda.

Nilirudi Mhunze kwa dada yangu mkubwa, ambaye ananipenda na ananishangaa. Ananiona nikisimama mlangoni kila basi linapopita. "Wewe huna kwako?" aliniuliza asubuhi moja, bila ubaya. Nikafikiria nyumba zote nilizolala. Ikanijia moja tu. Nikafunga begi. Nilikuwa na wazo ambalo sikumwambia mtu: nitakwenda Kahama, nitamsalimu fundi wangu, na kama bado yu hai na chumba cha uani kiko wazi, nitakiomba tena.

Niliposhuka stendi, kijana wa bodaboda akanishika begi. "Mzee, mgeni? Nikupeleke wapi?" Nilitaka kumwambia kwamba pale aliposimamisha pikipiki niliwahi kulala juu ya magunia ya mpunga kabla mama yake hajazaliwa. Lakini nilitazama huku na huku, maghorofa, maduka ya vioo, malori marefu ya safari za nchi za nje, nikaona kwamba sijui nielekeze mkono upande gani. Nikamwambia anipeleke gesti. Pale gesti binti wa mapokezi akaniuliza natoka wapi na nakwenda wapi. La kwanza nilijibu. La pili nikamwambia aandike Kahama. "Baba, Kahama ndiyo hapa," akasema kwa upole, kama mtu anayeongea na mgonjwa.

Kesho yake niliitafuta nyumba kwa miguu. Niliipita mara mbili. Zamani ilionekana kutoka mbali, sasa ilikuwa imekaa chini ya ghorofa la jirani kama kifaranga chini ya bata mzinga. Uani zilikuwa zimepangwa tofali mpya za saruji, na mama mmoja mnene alikuwa akipepeta mchele. Alinitazama, ungo ukasimama.

"Baba mdogo? Wewe si ulisema wiki moja?"

Alikuwa Kulwa. Alinipigia magoti kunisalimu, akacheka, akafuta macho kwa kitenge, kisha kabla sijapewa hata maji akanishika mkono na kunivuta pembeni ya ukuta. Ufa ulikuwa umetoka kwenye msingi hadi chini ya bati, mkono wangu ukaingia. "Tangu jirani alipochimba msingi wa ghorofa," alisema. "Watoto wangu nimewahamishia kwangu, kule dukani. Tofali nimeshanunua, nataka kubomoa nimjengee vyumba vipya. Baba hataki kutoka. Analala humo peke yake. Kila mvua ikinyesha mimi silali. Baba mdogo, ongea naye. Wewe anakusikiliza."

"Hajawahi kunisikiliza."

"Basi leo aanze."

Nilimkuta sebuleni, kwenye kiti, na mabuti yake. "Shikamoo, Fundi," nikasema. Hakugeuka. Nikazunguka mbele yake. Alinitazama kwa muda, akaangalia miguu yangu, akasema, "Ng'wana Mhunze. Umechoka kubeba?" Akaanza kuongea na hakunyamaza mpaka jioni: mvua, bei ya ng'ombe, ujinga wa jirani, vyura waliojaa nyumbani kwa Kulwa na ambao ndio sababu hawezi kuhamia huko. Kulwa alinielezea baadaye. Baada ya kuacha matimba, mzee aliendesha karasha ya kusagia mawe, na kelele zake zilimmaliza masikio. Anaongea mfululizo ili asipate mtu wa kumuuliza kitu.

Siku mbili tatu zilizofuata nilikwenda kila asubuhi na kurudi gesti jioni. Nilipita chumba cha uani. Kilikuwa na magunia matupu na baiskeli mbovu, lakini msumari wangu wa kutundikia shati ulikuwa pale pale ukutani. Nitawaambia ukweli, nilianza kupima kwa macho kitanda kitakaa wapi.

Jumapili Kulwa na wanawe walikwenda kanisani. Mafundi wa ghorofa hawakuja, barabara ilikuwa imetulia. Shija akanyamaza ghafla, katikati ya habari za ng'ombe. Kisha akasema kwa sauti ndogo, sauti ambayo watu wasiosikia hawaitumii:

"Wamekutuma unitoe."

Nikaitikia kwa kichwa.

"Nyumba hii imeninyamazia. Muda mrefu sasa. Ama haina neno, ama mimi ndiye sina masikio. Wewe unayo. Sikiliza uniambie. Ukisema iko sawa, nakaa, na wewe utakaa chumba chako. Nimekuona ukikipima."

Nikasimama chini ya boriti kubwa. Jua lilikuwa linapanda, bati likaanza kutatarika kama kawaida ya bati likipata joto. Hizo si habari. Nikangoja. Na chini ya sauti za bati, polepole, ikaja nyingine, nzito, kama mtu mzima anayevunja vidole vyake kimoja kimoja. Halafu kimya. Halafu tena.

Vijana, nimesimamisha maduara mengi, na kila mara ilikuwa rahisi kwa sababu dhahabu haikuwa yangu. Safari hii mdomo ulikuwa mzito. Ningesema ni bati tu, asingejua. Ningetundika shati kwenye msumari wangu siku ile ile. Mzee alikuwa ananitazama midomo, anangoja isogee.

Nilikwenda mlangoni, nikapapasa juu ya mwimo pale alipokuwa akikiweka kile kijiti, na kweli kilikuwepo, kina vumbi la miaka. Nikakifuta kwa shati nikampa.

"Meno yenyewe yako wapi?" akalalamika. Lakini alikipokea. Akakisogeza nyuma, kwenye magego yaliyobaki, akagandamiza ncha nyingine kwenye nguzo inayobeba boriti. Kisha akafumba macho na kuziba masikio kwa vidole. Kiziwi, anaziba masikio. Nilitaka kucheka nikashindwa.

Alikaa hivyo. Niliposikia mti ukisema juu yetu, niliona taya lake likikaza. Ukasema tena, akakaza tena. Alikuwa anausikia.

Alitoa mswaki mdomoni, akaupangusa, akautia mfukoni. Akatazama kuta zake zote nne, bila haraka. Kisha akapaza sauti ile ile ya zamani iliyokuwa ikitufikia chini kabisa ya shimo:

"Watu wote juu!"

Tulikuwa wawili tu. Nikamshika mkono tutoke, akauvuta.

"Tangulia."

"Fundi, tangulia wewe."

"Nani fundi wa duara hili?"

Nikatangulia. Alitoka nyuma yangu, wa mwisho kama kawaida yake, akavuta mlango. Kulwa aliporudi kanisani alimkuta baba yake amekaa juu ya tofali za saruji, anamwuliza kwa kelele kama nyumbani kwake chandarua kinazuia vyura.

Wiki hiyo mafundi waliegesha magogo ya kushikilia, wakaezua bati, wakateremsha boriti kwa kamba. Ilipolala chini nikaigonga. Mchwa walikuwa wamekula moyo wote na kuacha ganda. Mti ulikuwa unasema kwa ngozi tu. Kulwa alitazama ndani ya lile tundu, akaenda kupika.

Shija alitembea kati ya matimba yake akiyagusa kwa buti. "Chagua mbegu," akaniambia.

Nilijua nitakalochagua. Lilikuwa mwimo wa mlango wa chumba cha uani. Nikaligonga, akaweka kiganja juu yake wakati nagonga, akaitikia kwa kichwa. Tukaliweka pembeni juu ya mawe mawili. Chumba sikukiomba. Nyumba ilikuwa haipo, ungeomba nini? Kesho yake nikapanda basi la kurudi, na dirishani nikaona mji niliouzunguka kwa siku kadhaa kama msafiri ukibaki nyuma, nikarudi Mhunze na begi langu. Dada akanitazama, akapakua.

Juzi Kulwa alinipigia simu. Nyuma yake nilisikia koleo zikikoroga saruji na mzee akifoka.

"Baba mdogo, njoo uniamulie. Fundi wa ujenzi alitaka kuukata ule mti wako afanye jukwaa la kusimamia akijenga. Baba ameukalia tangu asubuhi, haondoki. Anasema una mwenyewe, na mwenyewe yuko Mhunze anamsumbua dada yake." Akanyamaza kumsikiliza, kisha akarudi. "Anasema ndio utakaowekwa wa kwanza, mlango wa chumba cha mwisho. Anauliza mlango uangalie wapi, uani kama zamani au barabarani?"

Hapo nje kwa dada basi lilikuwa linapita. Nililitazama mpaka likapotea.

"Barabarani," nikasema.